Shangazi, nanunua maharage ya kuchemshwa, je mi mvivu?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi ni mama wa watoto wawili, naishi Kimara ndani ndani huko, kazi yangu ipo Posta. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri niwahi mwendokasi kabla watu hawajajaa, narudi saa mbili usiku. Kwahiyo vitu vingi nanunua vikiwa tayari, maharage yaliyochemshwa, kisamvu kilichotwangwa, nazi nakuniwa na mashine hapo hapo sokoni, vyote hivyo kwa mwezi haizidi elfu 30. Jumamosi anakuja mama mmoja kufua namlipa elfu 10, na bodaboda toka stendi ni buku kwenda buku kurudi. Siku nikichoka kabisa, kama mara mbili kwa wiki hivi, naagiza chipsi kuku tunaletewa, kila mara elfu 15 imekatika. Sasa mama mkwe alikuja kututembelea, akaona, akasema mbele ya mume wangu kwamba mwanamke wa kununua maharage ya kuchemshwa hajui nyumba. Iliniuma sana. Mume wangu alinyamaza, ila baadae akanambia tuchukue dada wa kazi toka kijijini tumlipe elfu 50 afanye vyote, maana yeye akirudi saa kumi na mbili anakuta nyumba kimya na watoto wako kwa jirani. Niache kununua, au nimlete huyo dada?
Mama Wawili, Kimara

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na kazi, na pole zaidi kwa hilo neno, maana likisemwa mbele ya mume linakaa moyoni muda mrefu.

Mama mkwe wako nadhani anaogopa tu mwanae na wajukuu wasije wakakosa matunzo, usimjibu kwa hasira. Ila siku mmekaa vizuri muulize taratibu, mama, unga wa ugali nyie mlikuwa mnaupataje? Bibi zetu walitwanga mahindi kwenye kinu, wakapepeta, wakasaga kwa jiwe, nusu siku nzima mgongo umeinama, alafu ilipokuja mashine ya kusaga kila mtu alijitwisha debe lake akaenda kulipa na hakuna aliyemwita mwenzake mvivu. Na juzi juzi tu hapa tulikuwa tunapanga foleni kununua umeme wa LUKU, leo unabonyeza simu umekaa kitandani. Maharage ya kuchemshwa ni ile ile safari ya mashine, tofauti ni kwamba mama mkwe hakuyakuta enzi zake.

Sasa tupige hesabu, maana umenipa namba nzuri. Bodaboda kwa siku 26 ni elfu 52, kufua elfu 40, vya sokoni elfu 30, chipsi kuku elfu 120. Jumla laki mbili na elfu 42. Umeona? Nusu ya hela yote inaenda kwenye chipsi kuku, kitu ambacho hakuna hata mmoja aliyekusema, na maharage uliyosimangwa nayo ni sehemu ya ile elfu 30. We huagizi chipsi kwa sababu unazipenda, unaagiza kwa sababu saa mbili usiku jikoni hakuna kitu chochote kilichoanza kuiva na watoto wana njaa. Hapo ndo pa kushika.

Kama una friji yenye friza, Jumamosi usiku loweka kilo mbili za maharage, asubuhi mwaga yale maji, chemsha, gawa kwenye vikontena vya kupika mara moja moja, gandisha. Ukiweza siku moja kujichanga ununue jiko la presha la umeme fanya hivo, hela ya chipsi za mwezi mmoja inaweza kukusogeza sana. Wengi wanaogopa umeme utaisha, lakini sisi tunaolipa kama shilingi 356 kwa uniti, kilo moja ya maharage yaliyolowekwa haimalizi uniti moja, na huhitaji kusimama hapo kupepea moto. Wiki ambayo Jumapili una msiba au umechoka, nunua yale ya kuchemshwa na usijieleze kwa mtu.

Kisamvu endelea kununua kilichotwangwa, ila kichemshe vizuri bila mfuniko mwanzoni kabla hujaweka tui, maana kisamvu kibichi kina sumu ya sianidi na kutwanga na kuchemsha ndo kunaitoa. Wauzaji wanatwanga, kuchemsha ni juu yako, hiyo kazi usiifupishe. Bodaboda nayo usiiguse, saa kumi na moja alfajiri ni giza na saa mbili usiku ni giza, hiyo buku unanunua usalama wako. Na yule mama wa kufua mlipe siku hiyo hiyo, usimwambie njoo Jumanne, na chai umpe.

Sasa nije kwa baba watoto, maana barua yako umepita hapo haraka sana mwanangu. Anafika saa kumi na mbili, masaa mawili kabla yako, anakuta nyumba kimya, alafu anasubiri. Kwakweli hapo ndo nimesoma mara mbili mbili. Kuchukua watoto kwa jirani, kubandika wali, kutoa kontena la maharage kwenye friza na kulipasha, hiyo haihitaji mtu aletwe na basi toka kijijini. Mwambie kwa upole lakini mwambie wazi, siku ambayo hujachoka, usimwambie saa mbili usiku mlangoni na viatu mkononi. Mpe kazi moja yenye jina, wali wa Jumatatu mpaka Alhamisi ni wako baba fulani, maana ukisema tu "nisaidie" kila mtu ataelewa kivyake.

Na huyo dada wa elfu 50, hapana. Kiwango cha mshahara kilichoanza Januari 2023 kilishasema elfu 60 kwa dada anayelala nyumbani kwako na hicho kilikuwa cha chini kabisa. Sheria ya kazi inampa masaa 45 kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka kama mfanyakazi mwingine yeyote. Dada anayeamka na wewe saa kumi akalala baada yako saa tano ameshayapita hayo masaa kabla wiki haijafika katikati. Kama mnaweza kumlipa vizuri, mtu mzima, apumzike Jumapili, mchukueni. Kama hamuwezi, uchovu wenu msiuhamishie kwenye mgongo wa binti wa watu.

Mama mkwe akija tena muombe akufundishe kisamvu chake, na mume wako awepo jikoni.

SWALI: Shangazi, mi fundi simu hapa Mwanza, naishi peke yangu, nakula kwa mama ntilie mchana na usiku. Washkaji wanasema nachoma hela, ninunue jiko. Kweli?

JIBU: Sio lazima. Mama ntilie gharama ya mkaa na mafuta anaigawa kwenye sahani nyingi, we ungechoma mkaa ule ule kwa sahani moja, na muda wa kupika ungekuwa umeshatengeneza simu. Kinachokumaliza nahisi ni asubuhi, chai na chapati mbili na soda ya saa nne, hiyo ndo inapita bila kuhesabiwa. Nunua birika la umeme na chupa ya chai, uanzie hapo, jiko tutaongea ukioa.