Kipimo chasema sawa, mbona nyayo ni baridi?

SWALI: Mama yangu ana miaka 63, ana kisukari, na huu ni mwaka wa nne anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Akitembea kidogo tu, shavu la mguu linambana mpaka asimame. Akiwa kwenye mashine nyayo zinakuwa baridi kabisa. Alipimwa presha ya mguu na ya mkono, ikatoka 1.5, tukaambiwa damu inashuka vizuri. Ni kweli?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Dada, pole kwa kuuguza. Hiyo 1.5 si habari njema. Ni presha ya kifundo cha mguu iliyogawanywa kwa presha ya mkono usio na fistula (mishipa iliyounganishwa kwa ajili ya mashine). Kawaida ni 1.0 hadi 1.4, chini ya 0.9 mshipa umeziba au umekuwa mwembamba. Ikivuka 1.4, mkanda wa kupimia presha umeshindwa kuubana mshipa kwa kuwa ukuta wake umekakamaa, na damu ndani yake huenda inapita kwa taabu. Ombeni apimwe presha ya kidole gumba cha mguu, maana mishipa ya vidoleni haikakamai sana. Hapo uwiano wake na presha ya mkono ukiwa chini ya 0.7 kuna kasoro. Altrasaundi ya mishipa itaonyesha palipoziba.

Kisukari, umri, presha ya juu na tumbaku (hata ile ya kwenye tambuu) huharibu mishipa ya mtu yeyote. Kwa mwenye figo zilizoshindwa huongezeka fosfeti, madini yanayotoka kwenye chakula. Mashine haiimalizi, nayo ikizidi huchochea kalsiamu kujijenga ndani ya ukuta wa mshipa kama inavyojijenga kwenye mfupa. Kwa hiyo dagaa, wanaoliwa na miba yao, wapunguzwe sana, na soda nyeusi ziachwe. Kipande cha changu kilichotolewa miba ni afadhali. Dawa ya kuzuia fosfeti imezwe pamoja na chakula. Ikimezwa saa mbili baadaye haina la kukamata. Kama ni ya kalsiamu, msimwongezee dozi wenyewe, kwani kalsiamu iliyozidi nayo huishia mishipani.

Ubaridi wa kwenye mashine una sababu nyingine pia. Ng'onda na chumvi huleta kiu, naye akifika na kilo nne za maji, mashine huyavuta kwa kasi, presha inaporomoka na miguu ndiyo ya kwanza kukosa damu. Kwa mtu wa kilo 58, ongezeko kati ya siku mbili za mashine lisizidi kilo mbili na nusu.

Kila jioni mkagueni nyayo na katikati ya vidole kwa tochi. Asitembee peku, wala msimkande kwa maji ya moto: kisukari humwondolea hisia, ataungua asijue. Kidonda kisichoanza kupona, kidole kinachogeuka cheusi, au maumivu yanayomwamsha usiku mpaka aning'inize mguu kitandani, mwambieni daktari siku hiyohiyo. Mguu ukipauka ghafla, ukawa baridi na kufa ganzi, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane.