JIBU: Namna ya kuziondoa blogu za kunakili ajira kwenye majibu ya Google

Waalaykumu salaam mdogo wangu, na wote mliochangia kwenye uzi huu.

Swali lako limebeba mambo mawili. La kwanza, kila ukitafuta nafasi za kazi za Serikali huku Pemba, Google inakujazia blogu zilizonakili tangazo, na tovuti yenyewe ya tangazo unaikuta chini kabisa, au huikuti. La pili, simu hiyo hiyo anaishika mdogo wako wa skuli na hutaki akutane na machafu. Waliokujibu hapo juu wamekwambia uzoee tu kuzipita. Sikubaliani nao hata kidogo. Bando linanunuliwa kwa pesa, na kijana anayekosa tarehe ya mwisho ya maombi kwa kuzungushwa kwenye blogu nne hapati fidia kwa mtu.

Nina duka la steshenari hapa Chake Chake. Ukiacha fotokopi, kazi inayonishughulisha zaidi ni kuwajazia watu maombi ya ajira na ya mikopo ya elimu ya juu, na kuwatolea matokeo ya mitihani. Kutwa nzima natafuta vitu Google kwa niaba ya wengine, kwa hiyo blogu hizi nazijua tabia zake.

Tangazo likitoka kwenye tovuti ya serikali, saa chache baadaye limeshanakiliwa neno kwa neno. Kichwa cha habari kinawekwa mwaka mpya hata kama ndani ni tangazo la zamani. Chini kuna kitufe cha "Bonyeza hapa kuomba", ukibonyeza unapelekwa ukurasa mwengine wenye matangazo ya biashara, huko nako kuna kitufe chengine, na mwisho unaambiwa ujiunge na grupu la WhatsApp. Wao wanalipwa kwa matangazo hayo, kila ukurasa unaoufungua ni hesabu kwao, kwa hiyo hawana sababu ya kukufikisha haraka. Hao ndio wenye nafuu. Wapo wanaoweka fomu ya kuomba jina kamili, namba ya simu na namba ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na fomu hiyo haiendi ofisi yoyote ya serikali. Mzee mmoja kaletwa dukani kwangu na mwanawe baada ya kujaza fomu ya namna hiyo, akaanza kupigiwa simu na watu wanaomtaka atume "ada ya usajili". Alhamdulillah hakutuma.

Sasa njia yenyewe. Ya haraka, isiyohitaji kusakinisha kitu, ni kuiambia Google iache tovuti fulani. Unaandika hivi:

nafasi za kazi Pemba -site:blogspot.com -site:jinalake.com

Badala ya jinalake.com weka jina la tovuti unayotaka kuifukuza. Ile alama ya kutoa lazima igande na neno "site", na baada ya nukta mbili usiweke nafasi. Wengi wanaosema hii kitu haifanyi kazi wameacha nafasi hapo. Usiandike https wala www. Ukiandika jina la tovuti peke yake inaondoka pamoja na matawi yake yote, ndiyo maana blogspot.com moja inaziondoa blogu zote zilizopangishwa humo chini ya jina hilo. Kasoro yake ni kwamba unaanza upya kila unapotafuta, na Google haisomi zaidi ya maneno 32 kwenye swali moja, kwa hiyo huwezi kupanga tovuti hamsini mstari mmoja.

Kwa mambo ambayo mwenyewe ni mmoja tu, geuza shauri. Usihangaike kuwafukuza waongo mmoja mmoja, mwite mwenye habari. Andika:

nafasi za kazi Zanzibar site:go.tz

Anuani za .go.tz ni za taasisi za serikali, ya Muungano na ya Mapinduzi, hazinunuliwi ovyo kama .com. Matokeo ya kidato cha nne andika site:necta.go.tz na blogu zote zinapotea kwa mpigo. Kwa wateja wangu hii ndiyo ninayoitumia mwanzo, kabla ya kingine chochote. Ila tangazo lililowekwa leo asubuhi Google inaweza kuwa bado haijalisoma, basi hapo ingia kwenye tovuti yenyewe ulitafute kwa macho.

Na anuani isome kutoka kulia. Kinachotangulia mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina ndicho chenye neno la mwisho. Ikiishia go.tz sawa. Lakini kuna wajanja wanasajili majina yenye "go-tz" katikati, kwa kistari, na mwisho kabisa ni .com. Kwenye kioo kidogo cha simu jicho linapita tu.

Hata hivyo go.tz haikusaidii kwenye kazi za hoteli za Unguja, wala ukitafuta bei ya karafuu, mapishi, au maelezo ya masomo. Hapo unahitaji orodha yako ya kudumu, tovuti ukiifukuza leo na kesho usiione. Google waliwahi kuwa nayo wenyewe. Mwaka 2011 waliweka kiungo pembeni ya majibu, unabonyeza na tovuti hiyo haikutokei tena, kisha wakakiondoa. Mimi nilikipenda sana, na bado naamini hakukuwa na sababu ya kumnyang'anya mtumiaji haki hiyo.

Kilichoziba pengo ni kiendelezi, yaani programu ndogo ya kuongezwa ndani ya brauza, kiitwacho uBlacklist. Ni bure, msimbo wake uko wazi, na kinaingia kwenye Chrome na Firefox za kompyuta, na kwenye Safari. Ukishakiweka, kila jibu la Google linapata alama ndogo pembeni ya kulifungia. Ukiibonyeza kinakuonesha kanuni itakayoandikwa, mfano:

*://*.jinalake.com/*

Nyota ya katikati maana yake ni matawi yote ya tovuti, na ya mwisho ni kurasa zake zote. Kubali, na tovuti inapotea pale pale, na itapotea kila utakapotafuta. Juu ya majibu utaona idadi ya zilizofichwa, na unaweza kuzifunua ukitaka kukagua. Kwa wale wenye kistari niliowataja, nenda kwenye mipangilio uandike mwenyewe kanuni hii:

/go-tz/

Kilichowekwa baina ya mikwaju miwili kinalinganishwa na anuani nzima, kwa hiyo chochote chenye go-tz kwa kistari kinafichwa, hata kile kitakachosajiliwa mwakani. Za serikali zenyewe haziguswi kwa sababu zina nukta. Na kama umefungia kitu kipana mno ukataka kurasa fulani zibaki, kanuni ya kuruhusu inaanza na alama ya @.

Jambo moja watu hawalielewi halafu wanakilaumu kiendelezi. Kinaficha majibu baada ya ukurasa kushafika kwako. Google ikileta majibu kumi, na kati ya hayo saba yamo kwenye orodha yako, utaona matatu, hakiendi kuleta mengine saba ya kujazia. Ile -site: inafanya kazi upande wa Google, kwa hiyo wao wanaleta mengine. Ndiyo maana mimi nazitumia zote mbili: orodha kwa wale sugu wa kila siku, na alama ya kutoa pale ukurasa unapobaki mtupu.

Kwenye simu, ambako wengi wenu mpo, Chrome ya Android haipokei viendelezi, wala ile programu ya Google yenyewe. Weka Firefox. Tangu Desemba 2023 Firefox ya Android imefungua mlango kwa viendelezi vya watengenezaji wote, na uBlacklist unaipata. Orodha yako unaweza kuihifadhi kwenye Google Drive au Dropbox ili kompyuta na simu visome kitu kimoja. Mimi kompyuta zote za dukani zinasoma orodha moja. Nikifungia tovuti kwenye meza ya mbele, ya nyuma nayo inaipata.

Kuna orodha za watu wengine unazoweza kujiunga nazo kwa kubandika kiungo. Sizikatai, lakini nyingi zimetengenezwa Ulaya na Marekani kwa kero zao, hazizijui blogu zetu. Na orodha usiyoisoma inaweza kukufichia kitu unachokihitaji bila ya wewe kujua.

Sasa matangazo ya kulipia, yale yanayokaa juu kabisa. -site: haiyagusi, na hapa ndipo wageni wanapoumia zaidi kuliko sisi. Shemegi yangu anapokea wageni Nungwi, na kila msimu wanamfikia watu waliolipia viza kwa wakala aliyejitangaza juu ya Google, kwa bei iliyozidi ile ya Uhamiaji. Viza ya kawaida ya utalii ni dola 50, na Wamarekani wanalipa 100, na anuani halali ni visa.immigration.go.tz. Hivyo hivyo bima ya kuingilia Zanzibar iliyoanza kuwa ya lazima Oktoba 1, 2024: ni dola 44 kwa mtu mzima, inatolewa na Shirika la Bima la Zanzibar, na inalipiwa kwenye visitzanzibar.go.tz. Ukifanya kazi na wageni, watumie viungo hivi mapema kwenye ujumbe wa kuthibitisha chumba, usiwaachie wakatafute. Na kwenye kompyuta yako weka uBlock Origin ndani ya Firefox, itayaondoa matangazo hayo yote. Kwenye Chrome ile kamili imeshazuiliwa, imebaki nyepesi iitwayo uBlock Origin Lite.

Wasiotaka kusakinisha kitu wanaweza kuihama Google waende injini nyengine ya kutafutia. DuckDuckGo ina vitone vitatu pembeni ya jibu, humo unaweza kuifungia tovuti. Kagi inakuruhusu kuishusha, kuipandisha au kuifuta tovuti kabisa, lakini ni ya kulipia kwa mwezi, na kwa kipato chetu siipendekezi. Kwa maswali ya Kiswahili bado naiona Google inatoa zaidi, kwa hiyo nimebaki nayo.

Nije kwa mdogo wako. Hapa orodha ya uBlacklist si dawa, kwa sababu inaficha kwenye majibu tu. Akitumiwa kiungo WhatsApp kitafunguka. Anza na google.com/safesearch, chagua kuchuja, si kuweka ukungu. Hiyo inashughulikia majibu na picha. Picha ndogo zinazojipanga kwenye ukurasa wa kutafutia zinatoka kwa Google wenyewe, kwa hiyo kufungia tovuti chafu peke yake hakuzizuii, lazima mchujo huu uwepo.

Kisha funga mlango wenyewe. Kwenye Android 9 na kuendelea, ingia mipangilio ya mtandao, tafuta DNS ya Faragha (DNS ndiyo huduma inayoulizwa na simu tovuti iko wapi kabla ya kuifungua), chagua kuandika jina la mtoa huduma, weka:

family.cloudflare-dns.com

Ni huduma ya bure ya Cloudflare, inazuia tovuti za ngono na zenye virusi inazozijua zisifunguke, hata kwa kiungo cha kutumiwa, uwe kwenye bando au kwenye waifai. Andika herufi kwa herufi, ukikosea moja intaneti yote inakata na utadhani bando limekwisha. Ukitaka kuongeza tovuti zako mwenyewe za kufungia, NextDNS inakupa orodha yako, na bila malipo unapata maulizo 300,000 kwa mwezi. Kwa simu ya kawaida ya nyumbani inatosha.

Kama mtoto ana simu yake peke yake, mfungulie akaunti ya mtoto kupitia Family Link ya Google. Mchujo unafungwa na wewe mzazi au kaka, na yeye hawezi kuuzima. Kwa simu mnayochangia kama yenu hilo halifai, kwa hiyo shikilia hayo mawili ya mwanzo, na kila baada ya muda fungua ile google.com/safesearch uone kama bado iko kwenye kuchuja, kwa sababu mtu akiingia kwa akaunti nyengine ya Google, anakuja na mipangilio ya akaunti hiyo.

Orodha yangu ya kanuni ni maandishi matupu, anayeitaka aniandikie faragha nimtumie. Na wenye blogu sugu mnazokutana nazo, khasa za mikopo na za vyuo, zitajeni hapa chini na anuani zake kamili nizikague niziongeze.