Umeita free, mbona kumbukumbu haishuki?

Ndugu, umeuliza kwa nini programu yako ya C kwenye Linux bado inaonyesha GB 2 kwenye top (zana inayoonyesha kumbukumbu inayotumiwa na kila programu) ingawa umeshaita free, yaani umeachia kumbukumbu, kwa kila kitu. Huenda haivuji hata kidogo, yaani hakuna kumbukumbu iliyosahaulika bila kuachiwa. free huikabidhi kumbukumbu kwa malloc (kigawa kumbukumbu) ya glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux, nayo huiweka akiba kwa ombi lijalo, maana kwenda kwa kerneli (kiini cha mfumo endeshi) kila mara ni gharama.

Vipande vikubwa, kuanzia KB 128 hivi, huchukuliwa kwa mmap (ombi la moja kwa moja kwa kerneli) na hurudi kwenye mfumo papo hapo ukiviachia. (Kizingiti hicho hupanda chenyewe, hadi MB 32 kwenye mashine za biti 64.) Vidogo hukaa kwenye hipu, eneo moja la kumbukumbu lililopangwa mfululizo, ambalo kwa kawaida hupunguzwa kutokea mwisho wake wa juu tu: kipande cha baiti 40 kikiwa bado hai kileleni, megabaiti zote zilizo chini yake hubaki. Nadhani hapo ndipo ulipokwama.

Jaribu kuita malloc_trim(0) baada ya ile kazi kubwa. Hupekua hata katikati na kuachia kurasa (vipande ambavyo kerneli hugawia kumbukumbu) zilizo tupu kabisa. Kama programu ina nyuzi nyingi (kazi zinazoendeshwa sambamba), weka pia kigeu cha mazingira MALLOC_ARENA_MAX=2 kabla ya kuianzisha, ili kupunguza idadi ya maeneo ya akiba ambayo malloc huyatengea nyuzi. Kumbukumbu isiposhuka hata hapo, iendeshe programu ndani ya Valgrind (zana ya kukagua matumizi ya kumbukumbu) utafute uvujaji wa kweli.