Aya kwenye zulia la kufutia miguu: anza na muuzaji

Ukikuta zulia la mlangoni lina maandishi kama ya aya, au ndala zina msalaba kwenye soli, nakuomba usitoe simu kwanza. Ukiirusha picha kwenye makundi ya WhatsApp, jina la duka linakwenda nayo, na kile kilichokuumiza unakisambaza wewe mwenyewe. Sisi Bagamoyo tunaishi Waislamu na Wakristo nyumba kwa nyumba tangu misheni ilipofunguliwa mwaka 1868. Hatuwezi kuuchezea ujirani huo kwa ajili ya bidhaa.

Mimi ni Mwislamu, na zulia la namna hiyo nililikuta dukani, si mbali na sokoni. Liliniuma sana. Nilisubiri wateja wapungue, nikasema, "Kaka, samahani, hebu soma hapa." Alishtuka kuliko mimi. "Dada yangu, haya yamekuja ndani ya robota kutoka Kariakoo, wala sikuyakunjua." Aliyatoa yote, akampigia muuzaji wake wa jumla nikiwa palepale.

Ila hakikisha unachokiona. Kiajemi na Kiurdu huandikwa kwa herufi zitokanazo na za Kiarabu, na Kiswahili chetu kiliandikwa hivyo kwa karne kadhaa. Kama husomi, muulize ustadhi wa madrasa.

Kulalamika kwa utaratibu hakumaanishi kunyamaza. Mwaka 1997 Waislamu wa Marekani waliona jina la Allah kwenye nembo ya viatu vya Nike, ambayo kampuni ilisema ni mchoro wa moto. Walipeleka malalamiko kupitia baraza lao. Nike iliomba radhi na kuviondoa sokoni. Januari 2019 baraza hilohilo liliilalamikia Amazon, nayo ikaondoa mazulia ya mlangoni na ya bafuni yenye aya. Linganisha na Mbagala, Dar es Salaam, Oktoba 2012: ubishi wa watoto juu ya Qurani uliishia makanisa kushambuliwa. Waumini wa makanisa yale walikuwa wamemkosea nani?

Ukiona mtu anafanya makusudi, nenda polisi. Kanuni ya Adhabu inataja makosa dhidi ya dini, na inaangalia nia ya kutukana. Muuzaji aliyefungua robota hana nia hiyo.

Na kama umeshalinunua, usilitupe jalalani. Kwetu huzikwa mahali safi au huchomwa kwa heshima. Wakatoliki nao hufanya hivyo kwa vitu vyao vilivyobarikiwa. Ukiweza, kwanza lirudishe dukani, muuzaji apate ushahidi wa kudai fedha zake Kariakoo.