Maswali ya Wasomaji: Wiki Yetu ya Ranchi, Tuigeuze Pointi?

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu. Miaka minne iliyopita mimi na mume wangu tulinunua haki ya kukaa wiki moja kila mwaka, mwezi Machi, katika ranchi ya mapumziko iliyoko Florida ya kati, kwenye nyanda za mto Kissimmee. Hatukuinunua ofisini. Tuliuziwa na mzee mmoja ambaye magoti yalikuwa hayamruhusu tena kusafiri, kwa dola 1,500. Mwanzoni niliona haya kuwaambia ndugu zangu kwamba tumetoa fedha ili tukalale katika nyumba ya mbao ambayo mlango wake hulia kila unapoufungua, lakini mahali pale pamenikaa moyoni. Jioni tunapanda gari la kukokotwa lililojaa majani makavu, usiku tunaota moto, na Jumamosi tunakwenda kutazama rodeo, yaani mashindano ya wachunga ng'ombe wanaopanda farasi. Mume wangu, ambaye alikulia Monduli katika familia ya wafugaji, huwacheka wale vijana ndama anapowaponyoka, ila siku ya kuondoka yeye ndiye wa mwisho kuingia garini. Sasa tumeletewa barua na kampuni moja inayotuambia kwamba tukiongeza dola 9,000, ambazo tutakopeshwa kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 10, wiki yetu itageuzwa kuwa pointi, yaani alama za kulipia malazi, za kutupeleka popote duniani. Mume wangu anaiona hiyo ni bahati, mimi nasita, na ada ya mwaka tunayolipia matunzo nayo imekwisha panda kutoka dola 890 hadi 1,080. Tufanye nini?
Mama wa watoto wawili, Tampa, Florida

JIBU: Dada yetu, msiigeuze. Umiliki wa zamu kama huu wenu, ule ambao watu wetu walioko Marekani wamezoea kuuita taimushea, umejipatia jina baya kwa sababu mara nyingi huuzwa kwa watu wasiojua mwakani watataka kwenda wapi, nao huishia kulipia wiki wasiyoitumia. Nyinyi mnajua mnakotaka kwenda, na mnakwenda kila Machi. Mtu wa namna hiyo ndiye hasa anayefaidika na wiki maalumu ya mahali maalumu, na ninashangaa kidogo kwamba mnashawishiwa kukiacha kile kile ambacho wengine wamekikosa.

Pointi zinauza wingi wa mahali, lakini ranchi hujulikana kwa kurudiwa. Chukua mto huo mnaopakana nao. Kati ya mwaka 1962 na 1971 Jeshi la Wahandisi la Marekani liliunyoosha Kissimmee ili kuzuia mafuriko, na mto uliokuwa ukijipinda kwa takribani kilomita 166 ukawa mfereji wa kilomita 90 hivi. Vinamasi vikakauka, na ndege wa majini wakapungua mno. Baadaye wenyewe wakaona kosa, wakaanza kufukia sehemu ya mfereji na kuurudishia mto mikunjo yake, na ujenzi huo ulikamilika mwaka 2021. Anayefika kila Machi atayaona maji yakitambaa tena kwenye mbuga na korongo wakitembea wawili wawili kwenye nyasi alizozizoea. Mgeni wa siku mbili ataona nyasi na maji tu, aulize chakula kinatolewa saa ngapi.

Na mume wako, mwambie asiwacheke sana wale vijana. Kumtia ndama kitanzi ukiwa juu ya farasi anayekimbia, kushuka, kumlaza, kisha kumfunga miguu mitatu kwa kamba ndogo uliyoibana kwa meno, yote hayo kwa sekunde chache, si kazi inayofundishwa bomani Monduli, ingawa naamini wazee wa huko wangekuwa na neno la kusema juu ya ndama kutendewa hivyo kwa ajili ya makofi. Hata hivyo ufugaji wa huko si mchezo wa kuwafurahisha watalii peke yake. Ng'ombe wa kwanza waliletwa Florida na Wahispania, pamoja na Juan Ponce de León, mwaka 1521, yaani miaka 86 kabla Waingereza hawajajenga Jamestown, makazi yao ya kwanza ya kudumu huko Marekani.

Tuje kwenye hesabu. Kwa ada ya dola 1,080, usiku mmoja wa nyumba yenu mwaka huu unawagharimu takribani dola 154. Mkikopa dola 9,000 kwa masharti mliyopewa, mtalipa karibu dola 145 kila mwezi, na mpaka miaka 10 iishe mtakuwa mmetoa kama dola 17,400. Chukueni malipo ya mwaka mmoja, mjumlishe na ada hiyo hiyo, mgawanye kwa usiku saba, mtakuta kwamba usiku mmoja umefika dola 403, kabla hamjakata tiketi ya ndege ya kuwapeleka hapo popote duniani. Kama kweli siku moja mtatamani kuona kwingine, ulizeni ofisi ya ranchi ikiwa imeunganishwa na RCI, iliyoanzishwa mwaka 1974, au na Interval International. Kampuni hizo hubadilishana wiki za wamiliki, na kwa kulipa uanachama na ada ya kubadilishana mnaweza kuitoa wiki yenu mwaka mmoja, mwaka unaofuata mkarudi kwenye mlango wenu unaolia.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ada. Imepanda kwa asilimia 21 katika miaka minne, na ikiendelea kwa mwendo huo itapita dola 2,000 baada ya miaka 13 hivi. Ada hailindwi na mapenzi. Aidha, kimbunga kikiezua mapaa, wamiliki wanaweza kutozwa mchango maalumu juu ya ada ya kawaida. Kwa hiyo hudhurieni mikutano ya wamiliki, ombeni bajeti ya mwaka, na leo, mkiwa na nguvu na hamdaiwi, andikeni kwa ofisi ya ranchi kuuliza kama inapokea wiki zinazorudishwa na kwa masharti gani. Mzee aliyewauzia alikuwa na bahati ya kuwapata nyinyi.

Barua yenyewe nayo ichunguzeni. Je, imetoka kwa uongozi wa ranchi, au kwa watu wasiojulikana wanaotaka kwanza mtume fedha? Ulaghai wa kuwapigia wamiliki simu na kuwaahidi mnunuzi, mradi walipe "kodi" au "gharama za hati" mapema, umekuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliweka vikwazo kwa watu na kampuni za Mexico zilizohusishwa na genge la dawa za kulevya la Jalisco kwa ajili ya biashara hiyo. Na kama mume wako amekwisha kutia saini wakati wewe unasubiri gazeti lichapishwe, basi usisubiri zaidi: anayenunua kwa kampuni inayouza zamu hizo Florida ana siku 10 za kalenda za kuvunja mkataba kwa maandishi, tangu kusaini au tangu kupokea hati ya mwisho, ipi iwe baadaye.

SWALI: Baba yetu aliyekuwa akiishi Houston amefariki dunia, akatuachia wiki moja katika ranchi ya huko Texas ambayo aliipenda sana. Sisi tuko Nairobi. Je, tunalazimika kuilipia?
Wana wa marehemu, Nairobi

JIBU: Poleni sana kwa msiba. Hamlazimiki kuupokea urithi msioutaka. Ada ambazo hazijalipwa zinadaiwa kwenye mali ya marehemu, si mifukoni mwenu, na mnaweza kuikataa wiki hiyo kwa maandishi. Sheria ya kodi ya shirikisho huko Marekani inatambua kukataa huko kukifanywa ndani ya miezi tisa tangu kifo. Ila jihadharini na jambo moja: mtu aliyekwisha kunufaika na mali hawezi tena kuikataa. Najua mmojawenu atatamani kwenda kulala pale walau mara moja, kwa kumkumbuka mzee. Aende, lakini chumba akilipie kama mgeni mwingine yeyote.