Maswali ya Wasomaji: Mandhari na Utaifa wa Urusi

Swali: Kwa nini Warusi huziona picha za matope na theluji kuwa sura ya taifa lao?

Jibu: Chuo cha Sanaa cha St Petersburg kilikuwa kikitukuza mandhari ya Italia, hivyo mchoraji Mrusi Savrasov alipoonyesha mwaka 1871 picha ya kunguru waliorejea kwenye miti myembamba, theluji chafu ikiyeyuka karibu na kanisa la kijijini, wengi waliitambua nchi yao bila mapambo. Mchoraji mwingine, Levitan, kwa maoni yangu, alifika mbali zaidi: picha yake "Vladimirka" ya 1892 haina mfungwa hata mmoja, ila barabara ya udongo iliyotumika kuwapeleka wafungwa Siberia, na mpita njia mdogo. Mwaka huohuo Levitan, kwa kuwa Myahudi, alilazimishwa kuondoka Moscow kwa muda.