Daktari wa Meno Anajibu: Gego Linalochoma Unapoachia Kutafuna

SWALI: Daktari, pokea salamu kutoka Morogoro. Mimi ni mwalimu mwenye umri wa miaka 47. Kwa miezi mitano sasa gego langu la chini upande wa kushoto, ambalo lilizibwa kwa amalgamu miaka mingi iliyopita, hunichoma ghafla ninapotafuna, hasa nikikutana na punje ngumu katika kande. Maumivu hayaji kila siku, na mara nyingi hunipata ninapoachia, si ninapouma. Maji ya baridi nayo hulishtua kidogo. Kliniki ya kwanza ilinipiga eksirei ikaniambia jino ni zima. Ya pili ilitaka kuling'oa siku hiyo hiyo. Ya tatu inashauri livishwe kofia, yaani kifuniko bandia cha jino, kwa gharama ambayo kwangu ni kubwa. Nimsikilize nani?
Mama wa Morogoro

JIBU: Mama, neno lako “ninapoachia” limenieleza mengi kuliko ambavyo picha ile ingeweza. Jino linapokuwa na ufa, vipande vyake viwili huachana kidogo unapouma na kurudiana ghafla unapoachia, na kule kurudiana husukuma umajimaji uliomo katika vijitundu vyembamba vya dentini, yaani tabaka lililo chini ya gamba gumu la nje, hadi mishipa ya fahamu ishtuke. Dalili hizi zilipewa jina la ugonjwa wa jino lenye ufa na daktari wa meno wa Marekani aitwaye Cameron mwaka 1964, na hadi leo huwasumbua zaidi watu wa umri wako, wenye magego ya chini yaliyozibwa kwa zibo kubwa. Zibo kubwa huacha kuta nyembamba za jino zikibeba nguvu yote ya kutafuna.

Usiilaumu sana kliniki ya kwanza. Ufa wa gego kwa kawaida hukimbia kutoka mbele kwenda nyuma, kwa hiyo mionzi ya eksirei inayopita kutoka shavuni kuelekea ulimini huukuta umelala ubapa na haiuoni. Kosa lao, kama lipo, ni kuishia kwenye picha. Mnunuzi wa chungu sokoni hatosheki kukitazama, hukigonga akasikiliza. Vivyo hivyo, daktari anapaswa kukuumisha kitu kigumu kidogo juu ya kila ncha ya jino, moja baada ya nyingine, na kukuuliza inachoma ipi na inachoma lini. Aweke baridi juu ya jino na ahesabu maumivu yanachukua sekunde ngapi kutulia. Aliangazie kwa taa kali kutoka pembeni, maana mwanga hukatika unapofika kwenye ufa. Kisha apime nafasi kati ya ufizi na jino kuzunguka pande zote. Nafasi ya milimita 1 hadi 3 ni ya kawaida. Akikuta mahali pamoja tu, penye upana mdogo, ambapo kipimo kinazama milimita 6 au zaidi, basi kuna shaka kubwa kwamba ufa umeshuka hadi kwenye mzizi. Mara nyingi hubidi pia kuliondoa zibo la zamani, kwa sababu ufa hujificha chini yake, na kupaka rangi ya buluu inayoingia ndani ya ufa na kuuonyesha.

Matokeo ya vipimo hivyo ndiyo yanayopaswa kuamua, na kwa maelezo yako ninaona kwamba kung'oa ni mapema mno. Ikiwa ni ncha moja tu iliyolegea, huondolewa na jino likajengwa upya. Ikiwa ufa umeingia katika mwili wa jino lakini maumivu ya baridi hutulia ndani ya sekunde chache, kiini, yaani sehemu laini ya ndani yenye mishipa ya fahamu, bado kina uhai wa kutosha, na jino hulindwa kwa kofia inayolizunguka lote. Ikiwa maumivu ya baridi hudumu, au jino huanza kuuma lenyewe usiku bila kuguswa, matibabu ya mzizi, yaani kukitoa kiini na kuziba nafasi yake, hutangulia na kofia hufuata. Kung'oa hubaki kwa jino ambalo ufa umepita sakafu ya kiini au limegawanyika vipande viwili vinavyocheza kila kimoja peke yake.

Huwa nawatahadharisha wagonjwa kuhusu ile methali ya kuziba ufa, kwani hapa inapotosha. Mfupa uliovunjika huunga, jino haliungi. Kofia haiuzibi ufa bali huufunga usitanuke, kama mkulima afungavyo waya kwenye mpini wa jembe ulioanza kupasuka. Kwa hiyo hakuna daktari mwaminifu atakayekuahidi kwamba mambo yamekwisha: katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007, takriban jino 1 kati ya 5 yaliyovishwa kofia kwa hali kama yako lilihitaji matibabu ya mzizi ndani ya miezi 6.

Kwa kuwa gharama inakubana, omba kwanza jino lifungwe kwa pete ya chuma, ile itumiwayo na wanaonyoosha meno, kwa wiki chache. Maumivu yakitoweka, utakuwa umethibitishiwa ugonjwa wenyewe na utalipia kofia ukiwa na hakika zaidi. Kliniki hizo zikikosa vifaa, omba rufaa ya kwenda hospitali kubwa inayofundisha madaktari wa meno, kama Muhimbili. Wakati huo tafunia upande wa kulia, achana na mifupa na bisi, na usinunue vidonge vya amoksilini dukani, kwa maana bila usaha wala uvimbe dawa hiyo haina kazi ya kufanya hapo.

SWALI: Nikijitazama kwenye kioo cha gari juani ninaona mistari myembamba ya wima kwenye meno yangu ya mbele. Hayaumi. Je, nayo yamepasuka?
Kijana wa Mombasa

JIBU: Mistari hiyo iko katika gamba la nje tu, na watu wazima wengi wanayo. Ukiangaza taa, mwanga hupita jino zima bila kukatika, na hiyo ndiyo tofauti kati yake na ufa wa kweli. Haihitaji tiba. Kama unasaga meno usingizini, au unafungulia soda kwa meno mbele ya marafiki, acha la pili leo, na kwa la kwanza mwone daktari akutengenezee kinga ya kuvaa usiku.